Hema jepesi kwa upepo wa Goma: la fimbo, la tuneli au la kuba?

Kigingi cha alumini cha sentimita 16 huzama kwenye malisho ya Masisi kwa kukanyagwa tu na kisigino. Kwenye lava iliyomwagika Goma mwaka 2002 hakizami hata kwa nyundo. Hupinda, au hupata ufa mdogo kati ya mawe na kusimama humo kana kwamba kimeshika, kisha upepo wa kwanza wa ziwa Kivu unakichomoa na kukirusha pamoja na kamba yake. Ndiyo maana orodha za mahema zilizoandikwa kwa watu wanaolala juu ya nyasi za Ulaya hazimfai sana mtu wa hapa. Uzito aupime, urefu aupime, lakini kwanza aulize: hema hili likikosa vigingi (sardini, kama wengi wanavyoviita kwa Kifaransa), linashikiliwa na nini ili libaki limesimama?

Tunalinganisha aina tatu kwa swali hilo. Mahema tunayoyataja kwa jina ni mifano tu. Ukiielewa aina, utaweza kulipima hata hema lisilo na jina ulilolikuta kwenye maduka ya Birere, hapa Goma.

Upepo wenyewe kwanza

Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwenye mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500, upepo wa kilomita 30 kwa saa huisukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4. Ukifika kilomita 60 kwa saa, ni kilo 15. Ubavu wa hema la watu wawili una karibu mita 2 za mraba, kwa hiyo dhoruba ya namna hiyo inalisukuma kwa kilo 30, tena kwa mapigo ya ghafla. Kwenye ukingo wa volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, hewa ni nyepesi kwa asilimia 30 hivi kuliko usawa wa bahari, na mwendo uleule husukuma kidogo zaidi ya theluthi mbili ya vile ungesukuma baharini. Usifurahi mapema: juu kule hakuna mti wala ukuta wa kuuvunja upepo kabla haujakufikia.

Jambo la pili ni kwamba upepo wa hapa hugeuka. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa ikavutwa kutoka ziwani kuja mjini. Usiku milima hupoa, na hewa baridi huteremka kutoka upande wa volkano kuelekea Kivu. Anayefunga hema saa kumi jioni akiupa mgongo upepo wa ziwa, saa nane usiku anaweza kupigwa mlangoni. Na mawingu ya mvua yana upepo wake unaotangulia matone kwa dakika chache, ukitokea upande wowote. Hema lenye nguvu upande mmoja tu linaanza na deni.

Hema la fimbo: jepesi kuliko yote, na linalodai ardhi nzuri

Hili halina fito zake. Husimamishwa na fimbo mbili za kutembelea, na umbo lake lote hutokana na kamba zilizokazwa. Durston X-Mid ya watu wawili ina kilo moja na kidogo; Zpacks Duplex, iliyoshonwa kwa kitambaa cha Dyneema, ina karibu gramu 550 bila vigingi. Hakuna aina nyingine inayokaribia wepesi huo.

Penye udongo unaoshika, kama vilima vya Masisi au kisiwa cha Idjwi, hema la fimbo lililokazwa sawasawa hustahimili upepo kuliko macho yanavyodhani. Kuta zake ni bapa na zina mteremko, hazina tumbo la kupigwapiga. X-Mid husimama kwa vigingi vinne tu vya pembeni. Vingine ni vya kuongeza nguvu. Tatizo ni kwamba kila kigingi kinabeba umbo. Kimoja cha upande wa upepo kikichomoka, fimbo inalala, ukuta unakuangukia usoni, na kitambaa kilicholegea kinaanza kupiga kwa nguvu inayochomoa cha pili. Muda kati ya kigingi cha kwanza na hema kulala ni sekunde.

Kwenye lava halisimami kabisa mpaka uwe umekwisha kuandaa nanga za mawe, angalau nne kwa X-Mid na sita kwa Duplex. Kazi hiyo inachukua nusu saa kwa watu wawili, na mvua haingoji. Dyneema ina faida moja kubwa: haivutiki ikilowa, kwa hiyo kamba ulizozikaza jioni bado zimekaza alfajiri. Lakini ncha za lava hutoboa na kukwaruza, na kitambaa hicho ni ghali kiasi kwamba kila tundu linauma. Kwa mtu anayelala juu ya mawe mara nyingi hatulipendekezi. Kwa anayetembea vilimani siku nne au tano juu ya udongo, akiwa tayari na fimbo zinazorekebishika mpaka sentimita 130 hivi, ni chaguo zuri sana.

Tuneli: imara, ikiwa unajua upepo utatoka wapi

Tuneli kwa kawaida ina matao mawili au zaidi yaliyofuatana, yakavutwa mbele na nyuma. Hilleberg Nallo 2 ina karibu kilo 2.4 ikiwa na kila kitu. Akto, ya mtu mmoja na tao moja tu, ina karibu kilo 1.7. Kwa kila gramu unayobeba, tuneli inakupa nafasi nyingi na nguvu nyingi, mradi mkia wake umeelekea kwenye upepo. Upepo unapanda mgongo wake mteremko na kupita.

Geuza upepo uje ubavuni, na mambo yanabadilika. Matao yanalala kwa pamoja, ukuta unaingia ndani, na fito zinakunjwa mahali zisipotakiwa kukunjwa. Kamba za ubavuni husaidia, lakini haziondoi udhaifu huo. Ndiyo sababu kando ya ziwa, ambako upepo wa jioni na wa usiku hupingana, tuneli inatutia wasiwasi. Ukiilaza kwenye mstari wa mlima na ziwa, mkia juu, mlango kwa maji, angalau upepo wa kila siku utaipiga kwa ncha zake na si ubavuni. Dhoruba haitafuata mstari huo.

Mawe hayaisumbui kama yanavyolisumbua hema la fimbo. Inahitaji nanga nne imara, mbili mbele na mbili nyuma, na ikishavutwa inasimama. Nanga moja ikilegea hulegea kona, hema zima halianguki. Na kuna faida moja inayopendwa na kila aliyewahi kufunga hema kwenye mvua ya Novemba: kwa tuneli hizi, kifuniko cha juu na chumba cha ndani husimamishwa kwa pamoja, kwa hiyo ndani hapalowi.

Kuba: hapa ndipo watu wa Goma wengi wanapoangukia, kwa haki

Kuba husimama yenyewe. Unaiunganisha mahali popote, unaibeba kama kikapu, unaiweka juu ya jiwe, unaikagua, unaigeuza upepo ukigeuka. Kwenye lava hilo peke yake lina thamani ya gramu mia tano. Lakini neno "kuba" linafunika mahema matatu yasiyofanana, na wauzaji hawayatenganishi.

La kwanza ni lile lenye ufito mmoja wa matawi matatu kama herufi Y: matawi mawili kichwani, mkia mmoja miguuni. Big Agnes Fly Creek ni mfano, na lipo la Naturehike, Cloud Up, linalofanana nalo kwa umbo. Ni jepesi, mara nyingi kati ya kilo 1 na 1.8, lakini linasimama lenyewe nusu tu. Upande wa miguu, kona zake huvutwa na vigingi. Usipozivuta, kitambaa kinabaki kining'inia na maji ya mvua yanakusanyika juu ya miguu yako. Ubavuni, mgongo wake mmoja hupindishwa na upepo bila ufito wa pili wa kuusaidia.

La pili ni la kona nne kamili, lenye ufito mfupi unaovuka juu ili kupanua kuta. MSR Hubba Hubba na Big Agnes Copper Spur ziko hapa, zote karibu kilo 1.4 au 1.5. Zinasimama bila kigingi hata kimoja. Kasoro yake ni kuta zilizo wima. Wima hukupa nafasi ya mabega, na humpa upepo bango la kusukuma. Bila kamba za ubavuni, upepo wa kilomita 50 kwa saa unaweza kuubonyeza ukuta mpaka ukuguse ukiwa umelala. Ukizifunga kamba hizo kwenye vitanzi vya katikati ya ukuta, halafu ndani ukakaza mikanda midogo inayoufungia ufito kwenye kifuniko, unapata hema tofauti kabisa. Watu wengi huacha kamba hizo mfukoni, kisha hulaumu fito.

La tatu lina fito tatu au zaidi zinazokatana mara kadhaa. Kila makutano hufupisha kipande cha ufito kilicho huru, na kipande kifupi ni kigumu kupinda. Siri yote ni hiyo. Hilleberg Soulo ya mtu mmoja ina karibu kilo 2.4, Jannu ya watu wawili karibu 3.2. Halijali upepo unatoka wapi. Watu wawili wakigawana, mmoja fito na vigingi, mwingine vitambaa, ni kilo 1.6 kila mtu. Kwa ukingo wa volkano au mahali popote palipo wazi juu ya mita 3,000, hatuoni sababu ya kuokoa kilo moja kwa kuliacha hili.

Na lile la sokoni, la bei ndogo, lenye fito za faibaglasi? Linafaa uani. Faibaglasi haipindi kidogo ikakuonya: hupasuka kwa urefu, na vibanzi vyake huchana kitambaa na vidole. Kifuniko chake mara nyingi ni kofia tu inayoishia katikati ya ukuta, na upepo husukuma mvua chini yake. Kama unalo tayari, badilisha fito kwa za alumini za urefu uleule, unene wa milimita 8.5 au zaidi, na shona vitanzi vinne vya kamba katikati ya ubavu. Fundi wa viatu anafanya kazi hiyo vizuri kwa uzi wa naironi. Kifuniko kifupi hakina dawa.

Kitambaa, kwa kifupi

Naironi ni imara kwa kuraruka lakini hunywa maji na kurefuka. Hema la naironi lililokazwa likiwa kavu hulegea mvua ikinyesha, kwa hiyo likaze upya kabla ya kulala. Poliesta hairefuki hivyo na hustahimili jua zaidi, jambo lisilo dogo kwa sisi tulio karibu na ikweta na juu ya mwinuko. Unene wa nyuzi hupimwa kwa denia: chini ya 15 kwa sakafu hatuushauri juu ya lava, 30 ni afadhali, 40 na kuendelea unalala kwa amani. Kwa kifuniko cha juu 20 inatosha. Ukikuta kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote, gundi ya kawaida haishiki juu yake. Nunua ya silikoni pamoja na hema.

Kifuniko kifike sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, na kiwe na matundu ya hewa juu yanayofunguka hata kwenye mvua. Kikigusa ardhi pande zote bila tundu, asubuhi utakuta umelowa kwa pumzi zako mwenyewe.

Kulishika hema pasiposhikika

Hesabu ya awali ilitupa kilo 30 za kusukuma kwa upepo wa kilomita 60. Jiwe juu ya jiwe hushika kwa karibu nusu ya uzito wake kabla halijaanza kuteleza. Kwa hiyo upande wa upepo unahitaji karibu kilo 60 za mawe, zikigawanywa kwenye nanga tatu au nne: kilo 15 hadi 20 kila moja. Kwingine kilo 10 zinatosha. Jiwe moja la kilo 5 lililowekwa juu ya kigingi kilicholala, kama tunavyoona mara nyingi, ni pambo.

Uangalie pia jiwe lenyewe. Mawe mengi ya volkano yana matundu na ni mepesi kuliko ukubwa wake. Lililo kubwa kama kichwa linaweza kuwa na nusu ya uzito ulioudhania. Chagua yaliyoshikamana, yenye uso mnene, na uyapime mkononi.

Nanga ya mawe mawili hufungwa hivi. Chukua jiwe refu au kipande cha mti cha sentimita 30, kizungushie kamba mara mbili na uifunge. Kilaze chini kikiwa kimekingama na mstari wa kamba. Mbele yake, upande wa hema, weka jiwe kubwa la kilo 15 au zaidi, kamba ikipita chini yake au kandoni. Upepo ukivuta, kile kidogo kinajibana nyuma ya kubwa, na kadiri unavyovuta ndivyo kinavyojibana. Usifunge kamba ya hema moja kwa moja kwenye jiwe kubwa: ncha za lava huikata kamba ya milimita 2 usiku mmoja, kwa kuisugua. Beba vipande vinane vya kamba ya milimita 3 au 4, kila kimoja mita 2, viwe ndivyo vinavyogusa mawe. Mahali vinapopita kwenye ncha, vivishe kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki cha sentimita 15. Mafundi wanaupasua kila siku kwa ajili ya mizigo ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na vipande chakavu havina bei.

Kama mawe mazito hayapo karibu, viroba vya mchele vilivyo vitupu hufanya kazi ileile. Kimoja kina chini ya gramu 100, na ukikijaza kokoto nyeusi robo tatu kinafika kilo 20 bila shida. Viroba vinne vinatosha kuba la watu wawili.

Kamba iende mbali. Ikifungwa kwenye kitanzi kilicho sentimita 80 juu ya ardhi, nanga yake ikae angalau sentimita 120 kutoka ukutani. Karibu zaidi ya hapo, kamba inavuta kwenda juu, na jiwe linanyanyuliwa badala ya kuburutwa.

Chini ya sakafu tandika bashi (turubai) lililokatwa dogo kuliko hema kwa sentimita 5 kila upande. Likitokeza nje, linakuwa beseni: maji ya kifuniko yanaanguka juu yake na kuingia chini yako. Ondoa kwa mkono kila kokoto yenye ncha kabla ya kutandika, hata kama giza linaingia.

Usikimbilie shimo

Mtu anayeogopa upepo hutafuta bonde. Hapa Goma, hasa kati ya mji na Sake na kandokando ya ziwa upande huo, bonde linaweza kuwa na mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya. Hukusanyika mashimoni na kwenye nyufa za lava, hasa usiku usio na upepo na alfajiri kabla jua halijapasha ardhi. Anayelala sakafuni amelala ndani yake. Wadudu, ndege au panya waliokufa bila jeraha, moto unaozimika ukiuteremsha chini, kibao cha tahadhari, au mwenyeji anayekukataza: lolote kati ya hayo, ondoka, na usirudi kuchukua mzigo peke yako.

Kwa hiyo kinga ya upepo itafute nyuma ya kitu kilichoinuka, kichaka kizito au ukuta wa mawe, na wewe ukiwa juu ya ardhi iliyo sawa au yenye mteremko unaotoa hewa. Hili linabadilisha ulinganisho wote. Hema ambalo linafaa tu likiwa limejificha shimoni halifai hapa, hata liwe na gramu 500. Tunakubali kubeba kilo ya ziada ili kuweza kulala mahali upepo unapopita.

Basi lipi?

Kwa watu wawili wanaolala leo juu ya lava, kesho juu ya majani, tunachukua kuba la kona nne linalosimama lenyewe, kati ya kilo 1.5 na 2.5, fito za alumini, vitanzi vya kamba katikati ya kila ubavu. Ukiwa na hela ya moja tu, ni hilo. Anayepanda mahali palipo wazi na juu sana achukue la fito tatu zinazokatana, amgawie mwenzake nusu ya mzigo. Mtembezi wa peke yake wa Masisi na Idjwi, mwenye fimbo mkononi na mgongo unaohesabu kila gramu, achukue la fimbo, lakini awe na vigingi vya sentimita 20 vyenye umbo la Y, kwa sababu udongo mweusi uliolowa huachia vile vifupi. Tuneli ni ya mtu mwenye uzoefu anayejua kuusoma upepo wa mahali na anayethamini kufunga hema kwenye mvua bila kulowesha ndani. Ile ya Y tungeinunua kwa bei nzuri tu, na si kwa lava.

Lolote ulilochagua, lifunge kwanza nyumbani, juu ya mawe ya uani, bila kigingi hata kimoja. Mwombe mtu aushike ufito katikati ya ubavu na kuusukuma kwa mkono mmoja: ukuta ukiingia zaidi ya sentimita 20, ongeza kamba au zihamishe. Mwagia ndoo tatu za maji kwa kurusha kutoka ubavuni, kisha ingia ukaguse mishono ya kona kwa karatasi ya chooni. Fungua na kufunga zipu mara kumi. Ikikwama, ni vumbi la volkano: isafishe kwa mswaki mkavu kabla hujaipaka chochote, kwa sababu mafuta yakichanganyika na vumbi hilo hula meno ya zipu. Mfukoni weka bomba la alumini la sentimita 10 linaloingia juu ya ufito, na utepe wa gundi wa nusu mita. Ufito ukivunjika usiku, telezesha bomba mpaka katikati ya mvunjiko, funga ncha zake mbili kwa utepe, na ugeuze upande huo wa hema usiangalie upepo mpaka kupambazuke.